Mwalimu wa jiografia aliyelea mabingwa

Je, msomaji wangu, kocha wa shule hupimwa kwa mizani gani? Wengi watajibu upesi: kwa medali. Hesabu vikombe vilivyopangwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, hesabu wanafunzi waliopata kuvaa jezi ya taifa, kisha toa hukumu. Jibu hilo lina ukweli wake, kwani kocha asiyeshinda kamwe hukosa wa kumsikiliza. Hata hivyo, nimeishi Eldoret miaka ya kutosha kuona kwamba mizani hiyo ina kasoro. Leo ningependa tuitazame upya, mimi nawe, kupitia kwa mtu mmoja ambaye kazi ya maisha yake ameifanyia kilomita zisizofika 40 kutoka hapa mjini.

Kwetu sisi swali hili si la kupigia gumzo tu. Uwanja wetu mkuu unaitwa Kipchoge Keino. Ukitembea katikati ya jiji hili utaonyeshwa majengo na kuambiwa, hili ni la fulani aliyeshinda marathoni, lile ni la fulani aliyekimbia Ulaya. Kila alfajiri barabara za Iten, Kaptagat na Kapsabet huwa na vijana wanaokimbia makundi kwa makundi hata kabla ya makanga wa matatu kuanza kuita abiria. Basi mtoto akirudi nyumbani na cheti cha nafasi ya kwanza katika mbio za shule, mzazi wa mji mwingine hufurahi na kumnunulia soda. Mzazi wa Eldoret hufurahi, kisha hukosa usingizi. Je, mtoto aendelee na masomo au aende kambini? Nani atamfunza? Na huyo atakayemfunza, anamtakia nini?

ALIKUJA KUFUNDISHA RAMANI

Mtu ninayemzungumzia ni Bruda Colm O'Connell, mzaliwa wa Ireland. Kwa wasiojua, bruda si padri. Ni mtawa wa kiume, na shirika lake, Patrician Brothers, lilianzishwa huko kwao mwaka wa 1808 kwa shabaha ya kuelimisha vijana. Mnamo 1976, akiwa bado hajatimiza miaka 30, aliwasili katika Shule ya Upili ya St Patrick's, Iten, shule ya bweni ya wavulana iliyo karibu na ukingo wa Bonde la Kerio. Kazi aliyopewa ilikuwa kufundisha jiografia. Riadha hakuijua. Hakuwa amewahi kuwa mkimbiaji wa kutajika wala hakuwa amesomea ukocha.

Shule yenyewe ilikuwa imeanza kupata jina. Mike Boit, mmoja wa waliosomea hapo, alikuwa ameshinda medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka wa 1972. Kwa bahati mbaya, mwaka uleule aliofika Bruda Colm, Kenya na nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal. Sababu ilikuwa kwamba New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Kenya ikasusia tena Olimpiki ya Moscow mwaka wa 1980. Boit, ambaye hiyo ndiyo miaka aliyokuwa katika kilele cha nguvu zake, hakukimbia Montreal wala Moscow. Lakini alikuwa ameshika kitabu kwa mkono wa pili. Alisoma Marekani hadi akapata shahada ya uzamifu, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Nakuomba msomaji uliweke jambo hilo akilini, tutalirudia.

Aliyekuwa akishughulikia riadha shuleni wakati huo ni mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata shaba ya mita 10,000 huko huko Montreal. Foster alimkaribisha mgeni amsaidie uwanjani. Muda si muda Foster akarejea kwao, na timu ikabaki mikononi mwa mwalimu wa jiografia.

Fikiria hali yake. Angeweza kusema hii si kazi niliyojia. Angeweza pia kujifanya mjuzi, akapuliza filimbi na kufoka, kama tulivyozoea kuona katika viwanja vingi vya shule. Yeye alichagua njia ya tatu, nayo ilikuwa kujifunza. Aliwatazama wavulana wakikimbia, akawauliza maswali, akatambua ni lini mwili umechoka na ni lini ni uvivu tu. Amekiri mwenyewe mara nyingi kwamba walimu wake wa riadha walikuwa wanafunzi wake. Nadhani hapo ndipo penye siri ya kwanza. Kocha aliyeanza kwa kusikiliza huzoea kusikiliza.

SI HEWA PEKE YAKE

Wageni wakija huku hupenda kueleza ushindi wetu kwa hewa. Ni kweli kwamba Iten iko yapata mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na kwamba hewa ya huko ni nyepesi. Mwili unaokulia mahali kama hapo huongeza chembe nyekundu za damu ili kusafirisha hewa hiyo haba, na ukiteremka pwani hujikuta na akiba. Ni kweli pia kwamba mtoto wa mkulima aliyezoea kutembea na kukimbia milimani huwa na mapafu na miguu iliyokomaa.

Lakini dunia ina milima mingi. Kama hewa ingetosha, kila kijiji kilicho mlimani kingekuwa na bingwa wake. Wavulana wa St Patrick's walikuwa na vitu vingine vilivyokaa pamoja. Walikuwa na bweni, kwa hiyo walilala na kula kwa saa maalumu. Walikuwa na ratiba. Walikuwa na mashindano yaliyopangwa kama ngazi, kuanzia bweni kwa bweni, kisha tarafa, wilaya, mkoa hadi taifa. Na zaidi ya yote walikuwa na mtu mzima mmoja aliyewajua kwa majina, aliyesahihisha madaftari yao asubuhi na kuwapimia muda jioni.

Mazoezi yake hayakuwa ya kuua. Wanaofika kuyatazama hushangaa kuona jinsi kundi linavyokwenda polepole siku nyingine, likirekebisha tu namna ya kuweka mguu, kunyoosha mgongo na kutuliza mabega. Mafunzo hayo aliyafupisha katika mambo manne ambayo mwanafunzi anaweza kuyakumbuka akiwa katikati ya mbio: kumakinika, kunyoosha mwili, kuwa imara na kujua wakati wa kila hatua. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mashine ya bei ghali.

MAJINA YALIYOVUKA BAHARI

Sasa tuje kwenye medali, maana najua unazisubiri.

Wa kwanza kuitikisa dunia miongoni mwa wanafunzi wa enzi yake alikuwa Ibrahim Hussein. Mwaka wa 1987 alishinda marathoni ya New York, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka uliofuata akashinda Boston, tena Mwafrika wa kwanza, akimpiku Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde 1 tu. Boston aliishinda tena 1991 na 1992. Leo tumezoea kuwaona Wakenya wakishinda marathoni za miji mikubwa hadi tunasahau kwamba lazima kulikuwa na aliyefungua mlango.

Mwaka huohuo wa 1988, katika Olimpiki ya Seoul, kijana wa miaka 21 aitwaye Peter Rono alisimama kwenye mstari wa fainali ya mita 1,500 pamoja na majina makubwa kama Steve Cram na Peter Elliott wa Uingereza. Wachache walimpa nafasi. Rono alishika uongozi zikiwa zimebaki mizunguko miwili hivi, akakataa kuuachilia hadi utepe. Baada ya hapo hakushinda tena taji kubwa la dunia. Ukimpima kwa medali, alishinda mara moja basi. Lakini wakati huo alikuwa akisomea shahada katika chuo kikuu cha Mount St. Mary's, Marekani, na maisha yake hayakuishia pale miguu ilipopoa.

Mwaka wa 1992 huko Barcelona, Matthew Birir alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akiwatangulia Wakenya wenzake Patrick Sang na William Mutwol. Sang huyo ndiye aliyekuja kuwa kocha wa Eliud Kipchoge kule Kaptagat, na yeye pia alikuwa amesoma chuo kikuu. Waona, msomaji? Katika nchi hii yetu ya mbio, kitabu na raba zimetembea pamoja mara nyingi kuliko tunavyosimuliana.

Kisha kuna mita 800, mbio ambazo Iten inaweza kuziita mali yake. Wilson Kipketer alitoka St Patrick's, akaenda Denmark mwaka wa 1990 kama mwanafunzi, na akabaki huko. Alikuwa bingwa wa dunia mara 3 mfululizo, 1995, 1997 na 1999. Mwaka wa 1997 alivunja rekodi ya Sebastian Coe iliyokuwa imedumu tangu 1981, akaishusha hadi dakika 1 na sekunde 41.11. Rekodi hiyo ilikaa miaka 13. Aliyeivunja Agosti 2010 ni David Rudisha, kijana mwingine aliyelelewa kimazoezi na Bruda yuleyule.

KIJANA ALIYESUBIRISHWA

Kisa cha Rudisha kinafaa kusomwa na kila mzazi mwenye haraka. Baba yake, Daniel Rudisha, alikuwa katika timu ya Kenya iliyoshinda fedha katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara 4, Olimpiki ya Mexico mwaka wa 1968. Mtoto alikuja Iten kutoka Umaasai, akasoma Kimuron, na wakati huo alikuwa akijaribu mashindano ya michezo kumi pamoja na mita 400. Bruda Colm ndiye aliyemwelekeza kwenye mita 800.

Mwaka wa 2006 kijana akawa bingwa wa dunia wa chipukizi huko Beijing. Kocha mwenye tamaa angemkamua hapo hapo. Yeye alipewa nafasi ya kukomaa. Mwaka wa 2008 aliikosa Olimpiki kwa sababu ya jeraha. Mwaka wa 2009 alitolewa katika nusu fainali ya mashindano ya dunia mjini Berlin. Wengine wangebadilisha kocha mara tatu katika muda huo. Mwalimu na mwanafunzi walirudi Iten, wakaendelea na kazi ileile.

Mwaka mmoja baadaye, katika mji uleule wa Berlin, alivunja rekodi ya Kipketer. Wiki moja tu ikapita akaivunja tena huko Rieti, Italia. Na tarehe 9 Agosti 2012, London, alifanya jambo ambalo sisi tuliokuwa mbele ya runinga hatutalisahau. Aliongoza tangu mwanzo, bila mtu wa kumvutia kasi, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia chini ya 1:41 kabla yake. Kasi yake iliwaburuta wenzake wote, hata aliyemaliza wa nane, ambaye ni wa mwisho, alitumia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu katika kila mojawapo ya Olimpiki 3 zilizotangulia. Mwaka wa 2016 huko Rio, Rudisha alishinda tena.

MABINTI NAO

Kuna sehemu moja ya kazi ya mwalimu huyu ambayo haitajwi sana, nami naiona ndiyo kubwa zaidi. St Patrick's ni shule ya wavulana. Lakini mwaka wa 1989, wakati ambapo familia nyingi ziliamini kwamba msichana akishavunja ungo mbio zake zimekwisha, Bruda Colm alianza kambi za likizo ambazo wasichana walikaribishwa. Walitoka shule mbalimbali, wakakaa pamoja, wakafanya mazoezi, wakafunzwa nidhamu na kujitunza. Shule zikifunguliwa walirudi darasani.

Mwaka wa 1991 msichana aliyepitia mikononi mwake, Lydia Cheromei, alishinda mbio za nyika za dunia za chipukizi huko Antwerp, Ubelgiji. Alikuwa na umri wa miaka 13. Mwaka wa 2007 Janeth Jepkosgei, ambaye pia alifunzwa na Bruda, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mjini Osaka. Kati ya hao wawili ni orodha ndefu ya wasichana ambao baba zao walikuwa wamekwisha kuwahesabia siku za kuolewa.

Neno la kukumbuka ni likizo. Kambi zilipangwa zifuate kalenda ya shule. Mbio zilipata wakati wake, na masomo yakabakiziwa wakati wake.

KISA CHA NYUMBANI KWETU

Sasa niruhusu nikusimulie jambo lililotupata sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita kijana wa dada yangu, akiwa kidato cha pili, alishinda mbio za mita 5,000 katika mashindano ya shule za eneo letu. Kabla ya wiki kwisha, mtu mmoja mwenye gari zuri alifika nyumbani kwa dada. Alisema anaendesha kambi, ana marafiki Ulaya, na kijana akiingia mara moja atakuwa akikimbia ng'ambo kabla ya miaka miwili. Chakula bure, malazi bure, raba bure. Dada akauliza, "Na shule?" Yule mtu akacheka. Akasema shule haikimbii, ataikuta palepale.

Dada ni mjane na karo ilikuwa inamlemea. Usiku ule alinipigia simu. Kesho yake tukaketi watatu sebuleni kwake, chai ikapoa mezani. Kijana hakuficha moyo wake. Aliniambia, "Mjomba, nikimaliza kidato cha nne nitakuwa nimechelewa. Wenzangu watakuwa wamekwisha kununua mashamba."

Sikuwa na majibu ya hekima. Nilimwambia tu tumwite yule mtu tena na tumuulize maswali matatu. Kwanza, akiumia, nani atamtibu? Pili, karatasi atakazotia sahihi, mama yake ataruhusiwa kuzisoma na kubaki na nakala? Tatu, kuna kijana gani aliyetoka kambini mwako bila kufaulu, na yuko wapi leo tukazungumze naye? Mtu yule alijibu la kwanza kwa mzaha, la pili kwa kusitasita, na la tatu hakulijibu kabisa. Alisema sisi ni watu wa kuogopa bahati. Akaondoka na hakurudi.

Kijana alinuna kwa mwezi mzima. Mwalimu wake wa michezo, mtu mtaratibu asiye na gari, akamtengenezea mpango wa mazoezi ya alfajiri na ya likizo, na ukoo ukachangishana karo. Akamaliza kidato cha nne.

Laiti ningekuambia kwamba alikuja kuwa bingwa. Hakuwa. Alifika mashindano ya mkoa, akamaliza wa sita, na wa sita hapandi jukwaani. Leo ni fundi wa umeme mwenye cheti, ana kazi na ana mke. Kati ya vijana wawili wa mtaani kwao walioingia kambini wakati ule, mmoja alirudi nyumbani baada ya miaka miwili akiwa na goti bovu na bila cheti cha shule. Wa pili alifaulu, akakimbia Ulaya misimu mitatu na kumjengea mama yake nyumba ya mawe. Siku nyingine mpwa wangu humtaja huyo wa pili, kisha hunyamaza. Nami hunyamaza pamoja naye. Sitakuambia kwamba haumii.

Lakini nimejiuliza mara nyingi: je, tungemhukumu mwalimu wake yule kwa nafasi ya sita? Dada yangu humpelekea mayai hadi leo.

KIVULI CHA UFANISI

Nimetaja hayo kwa sababu mbio zimegeuka kuwa biashara kubwa huku kwetu, na penye biashara kubwa hapakosi walanguzi. Miaka ya karibuni Wakenya wengi wamepigwa marufuku kwa kutumia dawa za kututumua misuli, na baadhi yao ni vijana ambao hakuna aliyewaketisha kuwaeleza wanachomeza au kudungwa. Wengine walipata pesa nyingi wakiwa hawajui hata namna ya kuzihifadhi.

Na wasichana wako katika hatari zaidi. Oktoba 2021 Agnes Tirop, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee, aliuawa nyumbani kwake huko Iten. Alikuwa na miaka 25. Kifo chake kiliwafanya wengi waseme waziwazi waliyokuwa wakiyanong'ona: kwamba wapo wanaume wanaojiita makocha, wafadhili au waume, ambao humwona binti mwenye miguu myepesi kama shamba la kuvunwa. Wenzake walianzisha shirika la Tirop's Angels ili wasichana wapate pa kukimbilia.

Ukilitazama jambo hili vizuri, utaona kwa nini kambi ya likizo iliyo chini ya mwalimu, yenye wasichana wengi pamoja na yenye siku ya kurudi shuleni, ilikuwa zaidi ya mahali pa mazoezi. Ilikuwa uzio.

MITI NA MBEGU

Katika kiwanja cha St Patrick's kuna desturi nzuri. Wanafunzi wa zamani waliovuma ulimwenguni hupandiwa miti kwa heshima yao, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza hupita chini ya vivuli vya majina hayo akienda darasani. Ni fahari ya haki. Lakini wavulana waliopita mikononi mwa mwalimu huyo tangu 1976 ni wengi kuliko miti. Wengine ni walimu, makarani, madaktari, wakulima wa mahindi na viazi. Walikimbia, hawakushinda, wakafundishwa jiografia, wakaenda zao. Hao nao ni kazi yake.

Tena mbegu huota mahali usipopatarajia. Janeth Jepkosgei alipomaliza mbio zake aligeuka kuwa kocha wa chipukizi. Miongoni mwa aliowashika mkono ni Emmanuel Wanyonyi, kijana aliyekuwa ameacha shule ya msingi kwa ufukara akaenda kuchunga ng'ombe wa watu ili apate riziki. Mbio ndizo zilizomrudisha shuleni. Mwaka wa 2021 alikuwa bingwa wa dunia wa chipukizi katika uwanja wa Kasarani, na Agosti 2024 akashinda dhahabu ya mita 800 katika Olimpiki ya Paris kwa dakika 1 na sekunde 41.19, akimzidi Marco Arop wa Canada kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Bruda alimfunza Janeth, Janeth akamfunza Wanyonyi. Huo ndio urithi unaotembea kwa miguu yake wenyewe.

Basi mzazi mwenzangu, wiki ijayo mtoto wako akirudi na cheti cha nafasi ya kwanza, shangilia kwa moyo wote. Mpikie kuku. Kisha mtafute huyo anayemfunza, mwalimu wa shule au kocha wa kambi, umsalimu kwa heshima na umuulize yale maswali matatu. Atakaa kitako akujibu, au ataangalia saa yake. Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu ukiwa na raba zako chini ya kitanda, usikasirike wazazi wakiuliza. Rudisha alisubiri miaka 6 tangu Beijing hadi London, na mwalimu wake hakumkimbiza.